Kabla Hujaondoka Mombasa kwa Gari la Paa Wazi

Mpwa wangu ameoa majuzi, na kabla mapambo ya harusi hayajashushwa alikuwa ameshapanga kumpeleka mkewe Nairobi kwa gari lake jipya. Nasema jipya kwa sababu kwake yeye ni jipya. Ni Mazda Roadster la mwaka 2001, lile ambalo nje ya Japani huitwa MX-5: viti viwili, injini ya 1.8, paa la kitambaa linalokunjwa nyuma kwa mkono. Alinijia na swali moja tu. "Mjomba, nifungue paa tangu hapa mjini au nivuke Mariakani kwanza?" Nikamuuliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Hakujua. Ikabidi gari likae kwa fundi karibu wiki mbili, na hapa naandika yale tuliyoyapitia, maana siku hizi naona magari ya aina hii yakiongezeka Nyali na Kizingo, na vijana wengi wanaamini safari ya kilomita 480 ni kama kwenda Bamburi na kurudi.

Kwanza ujue umri wa gari lako. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Roadster la 2001 unalolikuta leo limekuwa hapa muda mrefu na limepita mikono mingi. Likiwa limeishi Pwani, limekula chumvi. Roadster za kizazi hicho zina ugonjwa unaojulikana duniani kote: kutu huanzia ubavuni chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, na kwenye vyuma vya chasisi upande wa mbele. Rangi inaweza kung'aa juu huku chini kumeoza. Mwambie fundi alinyanyue gari, agongegonge kwa bisibisi. Ukisikia mlio wa kopo tupu, safari isubiri.

Maji na joto

Mkanda wa taiming wa injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa mita za magari yaliyotumika haziaminiki sana, kama huna risiti hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, gari linazima papo hapo, na hapo papo hapo panaweza kuwa Taru saa saba mchana. Fundi akishafungua, badilisha na pampu ya maji kwa kuwa kazi ya kuifikia ni ileile. Roadster zilizotoka kuanzia 2005 zina mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo mwenye mojawapo ya hizo ameepukana na gharama hii.

Radieta ya gari hili ina sehemu ya juu ya plastiki. Ikiwa mpya ni nyeusi. Inapozeeka hugeuka rangi, inakuwa ya kahawia, na hiyo ndiyo ishara kwamba plastiki imekauka na siku yoyote itapasuka. Ya mpwa wangu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliitoa, tukatia nyingine, tukabadilisha na mipira yake na mfuniko. Na tafadhali usijaze radieta kwa maji ya kisima. Visima vyetu vya mjini vina chumvi, na chumvi hiyo inakula vyuma vya ndani ya injini na kuacha magamba yanayoziba njia. Tia kulanti iliyochanganywa inavyotakiwa.

Betri nayo imefichwa ndani ya buti, upande mmoja. Ile ya asili imefungwa vizuri na ina kijipaipu cha kutolea hewa nje. Mafundi wengi hutia betri ya kawaida bila paipu, ule mvuke wa tindikali unabaki ndani ya buti, na baada ya muda unakuta kutu chini ya zulia na harufu kali kwenye nguo zako za safari.

Paa

Watu hukagua kitambaa kama kimechanika, wakaishia hapo. Kitambaa ni rahisi kukiona. Tatizo kubwa ni mifereji midogo ya kutolea maji ya mvua, iliyojificha nyuma ya viti, kila upande mmoja. Maji yakishuka juu ya paa huingia humo na kutokea chini ya gari. Ukiegesha chini ya mwarobaini au mwembe, kama tunavyofanya sote tukitafuta kivuli, majani na maua yanaziba. Maji yakikosa njia huingia ndani, yanalowesha zulia, yanaozesha ubavu. Mwaga kikombe cha maji polepole pale nyuma kisha uchungulie chini: yakitoka, salama. Yasipotoka, zibua kwa waya laini wa plastiki, wala usitumie chuma, kwa sababu utatoboa mpira.

Wenye BMW Z4 ya kwanza, ile ya kuanzia 2002 yenye paa la kitambaa la umeme, wawe makini zaidi. Mota ya paa imekaa karibu na mfereji huo. Mfereji ukiziba, mota inazama majini na paa linakwama, na kuitoa hapo ni kazi ya siku nzima.

Matairi

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kama vitufe vyake vimesimama wima, mpira umeshazeeka. Magari ya aina hii hutembea kidogo, ndiyo maana matairi yake huzeeka kabla hayajaisha. Pia yapo magari yanayoshuka bandarini yakiwa na matairi ya theluji ya Japani. Hayo ni laini, na lami ya moto ya Tsavo haikuwa akilini mwa aliyeyatengeneza.

Upepo usijazwe kwa mazoea. Roadster hili lina uzito unaozidi tani moja kwa kidogo tu, na kibandiko chake cha mlangoni kinasema 26. Kijana wa pampu alitaka kutia 35 "kama za matatu." Gari jepesi likijazwa hivyo linarukaruka na kupoteza mshiko kwenye kona.

Jaribu pia kufungua kila nati ya gurudumu kabla ya safari. Magari mengi ya Japani yana nati moja ya kuzuia wizi inayohitaji kichwa chake maalumu, na kichwa hicho kilishapotea siku nyingi. Spea ya gari hili ni lile tairi jembamba la dharura, lisiloendeshwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Matoleo mapya hayana spea kabisa, yana dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo tu. Dawa hiyo haisaidii tairi likichanika ubavuni, basi hesabu hilo mapema.

Mizigo, na mtandio

Buti la Roadster linabeba mikoba miwili laini na chupa za maji. Sanduku la bibi harusi halikuingia, tukalituma kwa basi, na shemeji yangu hajanisamehe mpaka leo. Usijaribu kupanga vitu nyuma ya viti, kwa sababu ndipo paa linapokunjwa. Kwenye Mercedes SLK, ambayo paa lake ni la chuma na huingia butini, kuna kizuizi ndani ya buti ambacho lazima kivutwe mahali pake, la sivyo paa halifunguki. Ukijaza buti hadi juu umechagua kusafiri ukiwa umefunika.

Upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, kwa hivyo unaishiwa maji mwilini bila kiu. Kunywa kwa saa, usingoje koo likauke. Kuhusu mtandio na buibui sikufanya mzaha. Mcheza dansi wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki mjini Nice, Ufaransa, Septemba 1927, shali yake ndefu iliponasa kwenye gurudumu la gari la wazi. Ushungi ubanwe kwa pini na ncha zake zichomekwe ndani ya nguo. Hata usipofika kwenye gurudumu, kitambaa kikimfunika dereva uso kwa sekunde mbili nyuma ya trela, yatosha.

Njiani

Hapa ndipo nilipokuwa mkali. Miaka mingi nyuma nilikuwa abiria kwenye kigari kidogo cha rafiki yangu karibu na Samburu. Tulikuwa ubavuni mwa trela, sawasawa na magurudumu yake ya katikati, na dereva wa trela akahama upande wetu. Hakuwa na ubaya, hakutuona. Tulitoka kwenye lami, tukasimama vichakani tukiwa wazima, Alhamdulillahi. Roadster ni fupi kuliko gurudumu la trela likijumlishwa na bampa lake. Washa taa mchana, piga honi kabla ya kupita, na usikae ubavuni: ama uko nyuma unakoona vioo vyake, ama umeshapita.

Na kupita kwenyewe kunabadilika kadiri unavyopanda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na taabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa hiyo nafasi iliyokutosha kupita lori Maungu haitakutosha kule Salama. Shuka gia, au ngoja.

Ondoka baada ya Alfajiri. Usiku kipande cha Tsavo kina ndovu wanaovuka, na ndovu haakisi taa. Paa libaki limefungwa hadi uyaache malori ya Miritini na Mazeras na moshi wake. Fungua asubuhi, funga jua likipanda, fungua tena jioni kama umefika mbali. Matuta ya kwenye vijiji uyavuke kwa mshazari, polepole, maana tumbo la gari liko chini mno. Pumzika Mackinnon Road penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, ambapo madereva wengi husimama. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala, kwa hivyo hakuna haja ya kukimbizana na saa. Mafuta jaza Voi au Mtito Andei. Tangi la lita 48 linaweza kukufikisha Nairobi, lakini kwa kupandisha mlima na foleni ya Mlolongo utafika ukiangalia mshale kuliko barabara.

Waliondoka Jumamosi. Saa nne nilipigiwa simu kutoka Mtito Andei. Radieta iko sawa, akasema, joto liko katikati, matairi mazuri. Ila walisimama kando ya barabara wanyooshe miguu, paa wazi, na nyani akaingia akatoka na boksi zima la halua lililokuwa la wenyeji wao Eastleigh.