Jina la Maradhi: Watu, Serikali na Kiswahili Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko

Utangulizi

Historia ya magonjwa ya mlipuko huandikwa kwa kawaida kwa lugha ya hesabu: wangapi waliugua, wangapi walikufa, mipaka ilifungwa tarehe ipi. Hesabu hizo ni za lazima, lakini hazielezi kwa nini amri ileile hutiiwa mahali pamoja na kupuuzwa mahali pengine. Sehemu ya jibu imo katika lugha. Kabla ya dawa kupatikana, na mara nyingi kabla ya daktari kufika, ugonjwa mpya hupewa jina. Watu huupa jina ili waweze kuuzungumza, kuutambua utakaporudi na kuistahimili hofu yake. Serikali huupa jina ili iweze kuuhesabu, kuutolea amri na kuutengea fedha. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba, katika Afrika Mashariki, majina ya namna hizo mbili yanapokaribiana, watu na serikali huweza kushirikiana. Yanapoachana, au mojawapo linapozimwa, ugonjwa hubaki palepale na uwezo wa kuukabili hupungua.

Pwani katika karne ya 19

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa maradhi yanayosafiri. Ndui ilikuwa na jina lake la Kibantu. Tauni na waba ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, yakaja pamoja na dini, elimu na biashara ya bahari. Hata hivyo, wenyeji hawakutosheka na maneno ya kupokea. Kutokana na kitenzi pindua waliunda kipindupindu. Uradidi wa shina hilo una maana: mtu aliyekuwa mzima asubuhi hupinduliwa na kupinduliwa tena kwa kutapika na kuhara, na jioni huenda akazikwa. Jina hilo ni maelezo ya dalili kabla halijawa istilahi ya hospitali.

Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kilishuka kutoka bara kwa kupitia nchi ya Wamasai hadi Pangani, kikavuka hadi Unguja na kuua maelfu ya watu, hasa watumwa na maskini. Habari zake zimehifadhiwa na James Christie, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja, ambaye kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki kilichapishwa London mwaka 1876. Jambo linalostahili kuzingatiwa na wanafunzi wa lugha ni namna Christie alivyoipata njia ya ugonjwa huo. Hakuwa na maabara ya kumwonyesha vijidudu. Alitegemea sana kuuliza: alikusanya habari za wafanyabiashara wa misafara, mabaharia na wamisionari, akalinganisha maelezo yao juu ya vituo, majira na vifo. Kwa maneno mengine, ramani ya kwanza ya kina ya mlipuko katika eneo hili ilichorwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mazungumzo ya watu wa kawaida.

Mfano wa pili unaimarisha hoja hiyo. Mwaka 1870 homa nyingine iliyoambatana na maumivu makali ya viungo ilienea Unguja. Wazee waliokumbuka mlipuko wa mwaka 1823 waliitambua mara moja, wakaitaja kwa jina lake la zamani, kidingapepo. Kwa karibu nusu karne jina hilo lilikuwa limetunza kumbukumbu ambayo hakuna ofisi iliyoiandika. Christie alidai kuwa neno dengue, linalotumika leo duniani kote, linatokana na jina hilo. Wapo wasiokubaliana naye, na wapo wanaoona kuwa ugonjwa wenyewe huenda ulikuwa ule unaoitwa sasa chikungunya. Jina hili la pili nalo ni la watu wa eneo hili: lilichukuliwa kutoka Kimakonde baada ya mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika nchi ya Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, nalo linamwelezea mgonjwa aliyekunjamana kwa maumivu. Dengue ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, jina la zamani lilisikika tena kwa umbo la kidingapopo.

Upande wa utawala, Zanzibar ya Sultani Majid bin Said haikuwa na idara ya afya kwa maana ya leo. Hata hivyo, ndugu yake, Seyyid Barghash bin Said, aliyeshika utawala mwaka 1870, baadaye aliuletea mji maji safi ya chemchemi kwa njia ya mabomba. Si lazima kudai kuwa kipindupindu peke yake ndicho kilichomsukuma. Itoshe kusema kuwa hatua hiyo ilieleweka bila tafsiri: maji yalifika mjini, watu wakayachota.

Ukoloni: amri bila maelezo

Katika enzi ya ukoloni uhusiano huo ulibadilika. Mwaka 1902 tauni ilipoingia katika soko la Wahindi la Nairobi, ofisa wa tiba aliamuru soko lichomwe moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza hali ya afya katika Afrika Mashariki, alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za wakazi wake. Afya ikawa hoja ya kuwatenga watu. Neno karantini liliingia katika Kiswahili kupitia kwa watawala, na wafugaji walilijua pale mifugo yao ilipozuiwa kuhamishwa au kuuzwa. Kwa hiyo, neno ambalo kwa mtawala lilimaanisha kinga, kwa mtawaliwa lilimaanisha zuio.

Mlipuko mkubwa kuliko yote wa kipindi hicho ni mafua ya mwaka 1918, yaliyofika Mombasa kwa meli mwezi Septemba na kusambaa bara wakati vita vilipokuwa vikimalizika na wapagazi wakirejea makwao. Wapagazi hao walikuwa wamekwisha kufa kwa wingi vitani kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi chao limebaki hadi leo katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mafua yenyewe, ambayo yaliua maelfu kwa maelfu, hayakuacha alama ya namna hiyo. Jina linalotumika sasa vitabuni, mafua ya Kihispania, ni tafsiri ya jina la kigeni lisilosema lolote juu ya walioyapata huku. Vita viliacha jina mtaani kwa sababu serikali ilivihitaji na watu waliviona. Mafua yaliwakuta watu waliochoka, chini ya serikali isiyokuwa na la kuwaambia.

UKIMWI: kutoka Juliana hadi WAVIU

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 katika Mkoa wa Kagera. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Jina hilo lilikuwa na uchunguzi ndani yake, kwani liliuhusisha ugonjwa na safari, fedha na mapenzi. Lakini pia lilikuwa na lawama, kwani liliwanyoshea kidole wafanyabiashara na wanawake waliopenda vitambaa vyao. Nchini Uganda, kwa sababu ya kukonda kwa wagonjwa, watu walitumia neno la Kiingereza slim.

Jina rasmi, UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ni mojawapo ya mafanikio makubwa ya uundaji wa istilahi za Kiswahili. Ingawa ni kifupisho, lina umbo la nomino ya kawaida. Linaanza kwa u- kama ugonjwa, na linapokea upatanisho wa kisarufi bila shida: UKIMWI umeenea, UKIMWI unazuilika. Msemaji asiyejua kirefu chake hulitumia bila kujikwaa.

Hata hivyo, jina zuri peke yake halikuleta ukweli. Mitaani watu walizungumza kwa mafumbo: fulani ana ngoma, fulani amekanyaga miwaya. Herufi za Kiingereza, AIDS, zilipewa kirefu cha mzaha: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mzaha huo haukutokana na ujinga wa njia za maambukizi. Aliyeutunga alizijua vizuri. Alichokosa ni sababu ya kuamini kwamba kujua kungemwokoa, katika miaka ambayo dawa hazikuwapo na aliyepimwa aliambulia kutengwa. Serikali nazo zilichelewa. Kenya na Tanzania zilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya wagonjwa wa mwanzo.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni dawa, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kiswahili kiliziita dawa za kufubaza virusi, na kitenzi fubaza kilisema ukweli kwa kipimo chake: virusi haviondolewi, bali hupunguzwa makali. La pili ni mfano wa viongozi. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima hadharani walipozindua kampeni ya kitaifa ya upimaji. Lugha nayo ikabadilika. Mwathirika, neno linalomfanya mtu kuwa mhanga tu, lilianza kuachia nafasi maneno watu wanaoishi na VVU, na kifupisho chake WAVIU. Safari hii wenye ugonjwa walikuwa miongoni mwa waliotoa jina.

Korona na UVIKO-19

Tarehe 11 Februari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina COVID-19. Lilifuata kanuni zake za mwaka 2015, zinazokataza ugonjwa kupewa jina la mahali, mtu au mnyama. Mkasa wa jina Juliana unaonyesha hekima ya kanuni hizo. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania tarehe 16 Machi.

Mitaani watu hawakungoja kamusi. Ndoo za maji na vibuyu chirizi viliwekwa milangoni mwa maduka. Barakoa, neno ambalo katika karne ya 19 lilikuwa jina la vazi la uso la wanawake wa tabaka la juu wa Zanzibar, lilifufuliwa na kupewa maana mpya, na katika muda mfupi likajulikana hata bara ambako vazi la awali halikuwahi kuvaliwa. Wengi walijifukiza, na usemi kupiga nyungu ukaenea.

Serikali za nchi hizi mbili zilishika njia tofauti. Nchini Tanzania shule na vyuo vilifungwa mwezi Machi, lakini takwimu zilikoma kutangazwa baada ya tarehe 29 Aprili 2020, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi Mei Rais John Magufuli alieleza shaka yake juu ya vipimo kwa kutaja sampuli za papai na mbuzi, na mwezi Juni alitangaza kuwa ugonjwa umeondolewa kwa msaada wa Mungu. Hoja iliyokuwa nyuma ya msimamo huo haikuwa bila msingi: hofu nayo huua, na mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kufungiwa ndani kwa mwezi mzima. Lakini jina lilipoondolewa katika taarifa rasmi, maiti hawakuacha kuzikwa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 matangazo ya vifo yalijaa maneno nimonia na changamoto za upumuaji. Familia ziliomboleza bila kupewa neno la kile kilichowaua wapendwa wao, na jirani hakupata onyo ambalo jina lingempa. Mwezi Januari maaskofu Wakatoliki walitoa tahadhari ya wazi. Chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza kuwa kiongozi wake ameambukizwa. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

Kenya ilifanya kinyume: jina lilitajwa na takwimu zikasomwa kila siku. Pamoja na hayo, amri ya kutotoka nje usiku ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi wasafiri waliosongamana katika kivuko cha Likoni, Mombasa. Kafyu likawa neno la rungu kabla halijawa neno la afya. Kwa hiyo, kutaja jina hakutoshi. Jina linalotajwa kwa nguvu huogopesha bila kufundisha.

Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka mwezi Machi 2021, Tanzania iliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais alichanjwa hadharani. Katika kipindi hicho jina UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona, lilishika nafasi yake katika lugha rasmi, likifuata kigezo cha UKIMWI. Watu wengi waliendelea kusema korona. Lakini mkopo wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3 ulipojenga madarasa nchini, wananchi waliyaita madarasa ya UVIKO. Jina la serikali liliwafikia watu pale lilipoambatana na kitu walichoweza kukigusa.

Hitimisho

Mwezi Julai 2022 watu wa Lindi walipoanza kuugua homa na kutokwa damu puani, Wizara ya Afya ilitangaza mwezi huohuo kuwa ni homa ya mgunda, yaani homa ya shambani, jina linalomwonyesha mkulima mahali hatari ilipo. Huo ni mfano wa jina linalofanya kazi: limetolewa mapema, linaeleweka, na halimlaumu mtu.

Mifano hii inawapa wataalamu wa lugha wajibu usioweza kuahirishwa. Istilahi ya ugonjwa isiyokuwapo wakati wa ugonjwa haina faida kubwa. Vilevile, wanaounda istilahi hawana budi kusikiliza kwanza watu wanasema nini, kwani ndani ya kipindupindu, kidingapopo, Juliana na hata mzaha wa dogodogo mna habari za dalili, njia na hofu ambazo takwimu huchelewa kuzifikia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa inawahusu pia wenye mamlaka, na kwamba kilio kinapokuja, wanaolia kwa kawaida si wale walioficha.