Mtegaji

Ukiwafundisha vijana wa Bariadi mchezo wa mezani uitwao Call of Cthulhu, alioubuni Mmarekani Sandy Petersen mwaka 1981, utakwama kwenye neno moja. Yule anayesimulia mkasa huku akificha siri aitweje? Wenyewe humwita mtunza siri. Mimi nasema mtegaji. Tunatega ndege, tunatega sikio, tunatega kitendawili, na yote matatu yamo pale mezani. Mtegaji anaanza: usiku fisi amepita uani, mgongoni kabeba mtu. (Usukumani, iliko Bariadi, hapo huulizwi maana: huyo ni mchawi.) Wachezaji wanapeleleza, wanarusha dadu. Wakikumbana na la kutisha, dadu ikiwakatalia, akili zao hupungua. Kwenye kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji tu.