Mwaloni: Mfupa Uliogeuka Ngozi

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu asihadaike na sura ya nje akasahau kilichomo ndani. Lakini seremala anayeisikia ana haki ya kuuliza: kipande cha mti kimekosa nini? Ikiwa ndani mna mti na nje mna mti, hadaa iko wapi? Swali hili limewashughulisha mafundi, wanunuzi na waandishi kwa muda wa miaka elfu kadhaa, na jawabu lake halikuwa moja katika kila zama. Insha hii yakusudia kulichungua kwa njia ya tarehe ya vinia, yaani ubao mwembamba mno, mfano wa ngozi, unaobandikwa kwa gundi juu ya mbao nyingine. Hasa tutatazama vinia ya mwaloni, mti ambao wengi wetu twaujua kwa jina lake katika Biblia kuliko kwa macho.

Asili ya kazi hii ni uhaba. Misri ya kale ilikuwa na mawe mengi na dhahabu, lakini miti yake mizuri ya mbao ilikuwa michache. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri katika karne ya 15 kabla ya Kristo, imo picha ya mafundi wakibandika ubao mwembamba juu ya mbao, na chungu cha gundi ki karibu nao. Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, alikuta masanduku na samani zilizofunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe na vya mti mweusi. Mti huo uliletwa kutoka nchi za kusini, na wachunguzi wa mbao wameutambua kuwa ni mpingo, ndio ule uotao Tanzania na Msumbiji. Neno letu abunusi lina nasaba moja na jina ambalo Wamisri waliuita mti huo. Kitu kilichosafirishwa kwa taabu namna hiyo hakikuweza kutumiwa kwa miguu ya kitanda na migongo ya masanduku. Kilipasuliwa kikawa chembamba, kikawekwa mahali pa kuonekana.

Warumi waliirithi sanaa hii, na kwao ndipo lawama ilipoanza kuandikwa. Plinio Mkubwa, mwanachuoni aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo mlima Vesuvius ulipolipuka, aliitaja vinia katika kitabu chake cha elimu ya viumbe. Aliona kuwa kufunika mti kwa mti mwingine ni chanzo cha anasa, na kwamba watu walizua karatasi za mbao ili mti mmoja upate kuuzwa mara nyingi. Maneno hayo yana shutuma ndani yake, lakini ukiyageuza upande wa pili yana sifa vile vile. Mti unaouzwa mara nyingi ni mti unaotosha watu wengi. Mambo haya mawili, shutuma na sifa, yamefuatana na vinia tangu siku hizo mpaka leo.

Mwaloni haukuingia katika tarehe hii kwa mlango wa heshima. Katika Ulaya ya kaskazini ulikuwa mti wa kazi: wa merikebu, mapaa, mapipa, milango na meza. Tangu karne ya 14 hadi ya 17 mbao za mwaloni zilipakiwa katika bandari za bahari ya Baltiki, kama vile Gdańsk na Riga, zikapelekwa Uholanzi na Uingereza. Wachoraji wa huko walipaka rangi zao juu yake, na wataalamu wa siku zetu, kwa kuhesabu na kupima pete za miaka katika ubao, wameweza kutambua kuwa mbao nyingi za picha hizo zilitoka katika misitu ya mashariki. Wachoraji waliuchagua mwaloni kwa sababu, ukipasuliwa vizuri, hautikisiki wala haupindi.

Utulivu huo ndio uliomfanya mwaloni kuwa mfupa wa samani za fahari. Katika Paris ya karne ya 18, fundi wa samani za thamani aliitwa ébéniste, jina lililotokana na abunusi, kwa kuwa ustadi wake ulikuwa kubandika miti ya kigeni. Lakini aliibandika juu ya nini? Aghalabu juu ya mwaloni. Meza kubwa ya kuandikia ya mfalme Louis wa 15, iliyoanzwa na Jean-François Oeben mwaka 1760 na kumalizwa na Jean-Henri Riesener mwaka 1769, ina mwili wa mwaloni uliofichwa chini ya nakshi za miti ya rangi mbalimbali. Mgeni aliyeingia katika jumba la Versailles alisifu ngozi, na mwaloni uliobeba kazi yote haukutajwa.

Karne ya 19 iligeuza mambo. Mwaka 1806 Marc Isambard Brunel, mhandisi mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kupasulia vinia. Msumeno wa duara ulifanya kwa saa moja kazi iliyowachukua wapasuaji wawili muda mrefu. Hata hivyo msumeno hula mti, na sehemu kubwa ya gogo iligeuka unga. Baadaye zikaja mashine za kisu: gogo huchemshwa au kufukizwa kwa mvuke hata likalainika, kisha kisu kirefu hulichana karatasi baada ya karatasi, wala hapana unga unaopotea. Vinia ya leo ina unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Ubao wa unene wa milimita 25, ambao zamani ungetoa uso wa meza moja, waweza kutoa karatasi 40 hivi.

Kitu kilipokuwa rahisi, kilidharauliwa. Charles Dickens, katika riwaya yake Our Mutual Friend iliyotoka mwaka 1864 na 1865, aliwabuni mume na mke matajiri wapya ambao kila walicho nacho ni kipya na king'aacho, akawapa jina la Veneering. Msomaji wa Kiingereza hakuhitaji maelezo: ni watu wa ngozi bila mwili. Ndipo walipotokea mafundi na wanafalsafa waliotaka samani za mti mzima, zisizoficha kitu, na mti walioupenda ni mwaloni. Mfupa ukatolewa nje ukaonyeshwa.

Katika Marekani mtu mashuhuri wa mwelekeo huo alikuwa Gustav Stickley, ambaye tangu mwaka 1901 alitoa jarida liitwalo The Craftsman akihubiri unyofu wa kazi. Alipenda mwaloni uliopasuliwa kuelekea kiini, ambao huonyesha mabaka yang'aayo kama hariri. Lakini hapa maumbile yalimwekea mtego. Mguu wa meza wenye pande nne, ukichongwa katika mti mzima, huonyesha mabaka hayo katika pande mbili tu. Pande mbili nyingine huonyesha mistari mitupu. Ili mguu upendeze pande zote, katika baadhi ya samani zake pande zile mbili zilibandikwa vinia. Hivyo hata mtetezi wa mti mzima aliihitaji ngozi. Hatulitaji jambo hili ili kumcheka. Twalitaja kwa kuwa laonyesha kwamba mpaka baina ya unyofu na hadaa haupiti baina ya mti mzima na vinia. Unapita mahali pengine.

Mahali hapo palionekana wazi zaidi wakati wa dhiki. Katika Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilipungukiwa na mbao, kwa maana mbao za kigeni zililetwa kwa merikebu, na merikebu zilizamishwa. Wakati huo huo nyumba nyingi zilibomolewa kwa mabomu, na vijana waliendelea kuoana. Mwaka 1942 serikali iliunda kamati ya kushauri juu ya samani za lazima, na fundi Gordon Russell alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Samani za kwanza zilionyeshwa London mwezi wa Oktoba mwaka huo, na orodha yake ikatolewa mwanzo wa mwaka 1943. Mifupa ilikuwa ya mwaloni au mkangazi. Vibao vya katikati, kwa kuwa plaiwudi ilitakiwa kwa ndege za vita, vilikuwa vya ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa, vikafunikwa kwa vinia. Walioruhusiwa kununua walikuwa hasa waliooana karibuni na waliopoteza nyumba, kila mmoja kwa kipimo cha vibali. Mpango huo ulidumu hata mwaka 1952. Hapana aliyesema kuwa vinia ile ni ya kujionyesha. Ilikuwa njia ya kugawanya mti mchache kwa watu wengi, na kila mtu alijua kilichomo ndani kwa kuwa serikali ilikiandika.

Sasa na tuangalie mti wenyewe, maana anayetaka kuchagua lazima ajue anachokichagua. Gogo la mwaloni lina pete za miaka zinazozunguka kiini, na lina mishipa mipana inayotoka kiinini kwenda gambani kama miti ya gurudumu. Kisu kikipita sambamba na ubavu wa gogo, pete hukatwa mlalo, na karatasi huwa na michoro ya vilima katikati. Hii yafaa mlango mpana au kichwa cha kitanda. Kikielekea kiinini, kisu hufuata mishipa, na hapo hutokea yale mabaka ya hariri. Kikipita kwa pembe kidogo tu kutoka kwenye mishipa, mabaka hupungua na hubaki mistari iliyonyooka, ambayo wasanifu wa majengo huipenda kwa kuta ndefu. Na gogo likizungushwa mbele ya kisu kama mkeka unaokunjuliwa, hutoka karatasi pana yenye michoro mikubwa isiyo na utaratibu. Ni ya bei nafuu, na mahali pake ni kazi isiyotazamwa sana.

Spishi nazo hutofautiana. Mwaloni mweupe, wa Ulaya na wa Amerika, una rangi ya kahawia ya asali, na vinyweleo vya kiini chake vimezibwa. Ndiyo sababu hufaa kwa mapipa. Mwaloni mwekundu wa Amerika una wekundu kidogo, na vinyweleo vyake vi wazi hata mtu aweza kupuliza pumzi ikapita katika kipande chake. Yote ina tanini, dawa ile ile iliyomo katika magome ya mikandaa yetu iliyotumiwa kutengenezea ngozi. Kwa ajili hiyo msumari wa chuma ukikutana na mwaloni wenye unyevu huacha doa jeusi lenye kuelekea buluu, na mvuke wa amonia huugeuza mti kuwa wa kahawia iliyokolea bila rangi ya kupaka.

Yako na masharti ambayo hayategemei ladha ya mtu. Vinia ibandikwe pande zote mbili za ubao, hata upande usioonekana; ikibandikwa upande mmoja tu, ubao huvutwa ukapinda, kwa kuwa mti hupumua unyevu. Karatasi zitokazo katika gogo moja ziwekwe kwa mfuatano wake, ili zikifunuliwa kama kurasa za kitabu michoro ikabiliane. Uso usisuguliwe kwa msasa mara nyingi, maana nusu milimita haina akiba. Anayenunua na atazame ukingo wa meza: michoro ya juu ikiteremka ukingoni kwa nyuzi zake, huo ni mti mzima, ikikatika, ni vinia. Na kama baka lile lile larudi mara tatu au nne katika meza moja bila tofauti yoyote, basi hiyo si mti kabisa. Ni karatasi iliyopigwa chapa ya picha ya mwaloni. Hapo ndipo ulipo mpaka tuliokuwa tukiutafuta. Vinia ni mwaloni mchache. Karatasi ya chapa ni jina la mwaloni tu. Aliyeiuza ya kwanza akasema ni mti mzima, na aliyeiuza ya pili akasema ni vinia, wote wawili wamesema uwongo. Lakini uwongo huo umo katika vinywa vyao, haumo katika gundi.

Laiti lingekuwa jambo la bei tu, tungekoma hapa. Lakini mwaloni ufaao kwa vinia hukatwa ukiwa na umri wa zaidi ya miaka 100, na mara nyingi karibu na 200. Ile ya milima ya Spessart katika Ujerumani husifiwa kwa kuwa hukua polepole, pete zake hukaribiana, na mti wake huwa laini kwa kisu. Katika Ufaransa, waziri Colbert alitoa sheria ya misitu mwaka 1669, akitaka mialoni ya merikebu za vita kwa vizazi vya baadaye. Miti ilipokomaa, merikebu zilikuwa zikijengwa kwa chuma. Wajukuu wakaigeuza ikawa mapipa ya mvinyo na vinia za kuta. Aliyepanda hakujua matumizi. Alijua tu kwamba wanaokuja watahitaji mti.

Kwa hiyo shutuma ya Plinio yataka kupimwa upya. Kuuza mti mmoja mara nyingi ni tamaa, ikiwa muuzaji aficha. Ikiwa hafichi, ni kuutendea haki mti uliosimama miaka 200, ili usiliwe wote na meza ya mtu mmoja. Na yule mwenye mkakasi, akiulizwa kilichomo ndani, na ajibu bila haya kwamba ni kipande cha mti, akitaje na jina lake.