Mtelezaji wa barafu na mpira wa shati

Msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho. Unachezwa katika nchi ambazo maji huganda yakawa magumu kama sakafu ya saruji. Wachezaji huvaa viatu vilivyofungwa vyuma vyembamba mithili ya visu, huinamisha mgongo na kuteleza kwa kasi. Uwanja wao una mzunguko wa mita 400, sawa na ule wa riadha. Hutoka wawili wawili, kila mmoja na njia yake, na kila mzunguko hubadilishana njia ili asipunjwe mtu. Lakini wanayeshindana naye hasa ni saa, kwa sababu ushindi huamuliwa na muda wa kila mmoja.

Ili upate picha ya mwendo wenyewe, chukua mfano huu. Mwezi Julai 1993, katika uwanja wa Bislett mjini Oslo, Mkenya Yobes Ondieki alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27. Miezi saba baadaye, katika nchi hiyo hiyo ya Norway, kijana mmoja aliyamaliza masafa hayo hayo juu ya barafu kwa dakika 13 na sekunde 30.55. Kijana huyo ni Johann Olav Koss, na ndiye ninayetaka tumtazame leo.

Koss alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Drammen, mtoto wa baba na mama waliokuwa madaktari. Mwaka 1990 alikuwa bingwa wa dunia wa mtelezo wa masafa yote, akarudia mwaka 1991. Ilipokaribia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1992 kule Albertville, Ufaransa, ilionekana kana kwamba medali zilikuwa zikimngoja yeye tu. Lakini hujafa hujaumbika. Siku chache kabla ya mashindano, kongosho lilimwuma akalazwa hospitali. Alitoka kitandani akaingia barafuni. Katika mita 5,000 alikuwa wa saba. Siku chache baadaye alishinda mita 1,500 kwa tofauti ya sehemu nne tu za mia za sekunde, kisha akapata medali ya fedha katika mita 10,000.

Michezo iliyofuata ilikuja mapema, Februari 1994, na safari hii ilikuwa nyumbani kwake Norway. Mtelezo ulifanyika katika mji wa Hamar, ndani ya jengo kubwa ambalo paa lake limejengwa kwa mfano wa merikebu iliyopinduliwa. Humo Koss alishiriki mashindano matatu, akashinda yote matatu, na katika kila moja akavunja rekodi ya dunia. Mita 5,000: dakika 6 na sekunde 34.96. Mita 1,500: dakika 1 na sekunde 51.29. Na zile mita 10,000, yaani mizunguko 25, alipunguza karibu sekunde 13 kutoka rekodi yake mwenyewe. Aliyemfuata, Mnorway mwenzake Kjell Storelid, alifika zaidi ya sekunde 18 baadaye.

Msikilizaji, kama habari ingeishia hapo nisingekuchosha nayo. Mabingwa ni wengi, na rekodi huvunjwa. Hata hiyo ya Koss ilivunjwa mwaka 1998. Linalonifanya nimkumbuke ni alilolitenda kati ya mbio ya pili na ya tatu.

Siku zile mji wa Sarajevo, uliokuwa mwenyeji wa Olimpiki mwaka 1984, ulikuwa umezingirwa na majeshi. Tarehe 5 Februari 1994, wiki moja kabla ya michezo kufunguliwa, kombora lilianguka sokoni na kuua watu 68. Koss aliposhinda mita 1,500 alitangaza kwamba fedha zote za zawadi ya ushindi huo, takriban dola 30,000, anazitoa kwa mfuko wa kusaidia watoto wa Sarajevo na wa nchi nyingine zilizoharibiwa na vita. Kisha akawaomba wananchi wenzake kila mmoja atoe kroner 10 kwa kila medali ya dhahabu ambayo Norway itapata. Mfuko huo ulikusanya dola milioni 18.

Uamuzi ule haukuzuka ghafla. Mwaka 1993 Koss alikuwa amezuru Eritrea, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru baada ya vita vya miaka 30. Huko aliwaona watoto wakicheza mpira kwa shati. Mmoja wao alivua shati lake, akalikunjakunja na kulifunga kwa mikono yake mirefu, likawa mpira. Koss aliahidi kwamba atarudi na mpira wa kweli.

Akarudi, na shehena ya vifaa vya michezo vilivyokusanywa na watoto wa Norway. Na hapo ndipo lawama zilipoanza. Baadhi ya magazeti ya kwao yalimcheka: watu wana njaa, wewe unawapelekea mipira? Koss mwenyewe amesimulia kwamba maneno hayo yalimwingia, hata akamwomba radhi Rais wa Eritrea kwa kuleta kitu kisicholiwa. Rais akamjibu kwamba kwa mara ya kwanza wametendewa kama binadamu, badala ya viumbe wa kulishwa tu wasife.

Nadhani jibu lile linatuhusu sote. Ni kweli chakula hutangulia. Mwenye njaa humwambii acheze. Lakini mtoto aliyeshiba hajakamilika kwa kushiba. Sisi tuliokua tukicheza chandimu kwa mpira wa matambara na makaratasi tunajua tulichojifunza pale: kupokezana, kushindwa bila kupigana, kumtii refa ambaye ni mtoto mwenzako. Mambo hayo hayafundishwi kwa ubao na chaki.

Koss aling'atuka mwaka 1994, akiwa na miaka 25 tu na akiwa katika kilele. Alirejea kwenye masomo ya udaktari, akahitimu Australia. Mwaka 2000 ule mfuko ukageuzwa kuwa shirika la Right To Play, ambalo Koss aliliongoza kwa miaka mingi. Shirika hilo limefanya kazi na watoto hata katika nchi zetu: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi.

Hata hivyo nina neno la mwisho. Mtoto wa Eritrea alikosa mpira, lakini alikuwa na mahali pa kuuchezea. Wangapi kati ya watoto wetu mijini wamepata mpira na hawana uwanja? Kiwanja cha mtaa kimekatwa viwanja vya nyumba, cha shule kimezungushiwa vibanda vya biashara, na sisi wazazi tunapita tukinyamaza. Mpira mgeni anaweza kutuletea kwa ndege. Uwanja hauletwi na ndege, na kuulinda ni kazi yetu wenyewe.