Harufu ya Vanila Ina Wenyewe

Wengi wetu tuliokula keki ya vanila hatujawahi kuonja vanila yenyewe. Harufu ile mara nyingi hutoka kiwandani, nayo ina historia yake.

Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole. Ujuzi wake ukawatajirisha wenye mashamba. Yeye akafa fukara mwaka 1880.

Huko Ujerumani, mwaka 1874, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walikuwa wametengeneza vanilini, kiini cha harufu hiyo, kutokana na utomvu wa misonobari. Molekuli yake ni ileile ya shambani: kaboni 8, haidrojeni 8, oksijeni 3. Baadaye wakemia waliongeza kaboni 1 na haidrojeni 2, wakapata ethili-vanilini, yenye harufu kali mara mbili au zaidi.

Sisemi kwamba ni sumu. Viwanda vya vyakula vinaruhusiwa kuitumia. Ninalouliza ni haki. Mkulima wa Mukono, Uganda, huchavusha ua mojamoja kwa mkono, na kila ua huchanua siku moja tu. Atashindanaje na pipa la kiwandani linalouzwa kwa jina lake?

Asali ni tamu, sukari guru ni tamu, lakini hatuziiti jina moja. Basi kibandiko kiseme kweli, mnunuzi ajue analipia nini.