Ajali Barabara ya Minjila: Msee Wako Akipoteza Maisha, Nani Analipa na Unafuata Njia Gani?

Kama umewahi kupanda basi kutoka Mombasa kwenda Lamu, Hola ama Garissa, basi Minjila unaijua. Ni kale katown karibu na Garsen ambapo gari inasimama, makanga anapiga kelele "dakika kumi!", na watu wanashuka kunywa chai na kununua maembe ya Tana River. Ni town ndogo, lakini hakuna gari inayoipita bila kuiona.

Shida ni barabara yenyewe. Imenyooka hadi dere anashawishika kukanyaga mafuta. Usiku ni giza totoro, ng'ombe na ngamia wanavuka wakitaka, na msimu wa mvua maji ya Tana yakipanda lami inageuka mto. Ajali ikitokea, picha zinasambaa siku mbili, viongozi wanatuma rambirambi, alafu story inapoa. Familia ndiyo inabaki na matanga, fee za shule na maswali.

Na mara nyingi kabla arobaini haijafika, kuna msee amebisha hodi na karatasi mkononi: "Pole sana mama. Weka kidole hapa, hii ni pesa ya kukusaidia na mazishi." Usiweke kidole bado. Soma hii kwanza.

Kesi ni mbili, si moja

Watu wengi hudhani karao wakishampeleka dereva kortini, mambo yameisha. Zii. Kuna kesi ya jinai na kuna kesi ya fidia.

Ya jinai ni ya serikali. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, dereva aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Lakini hiyo kesi haimpi mjane hata shilingi.

Ya fidia ni yenu nyinyi familia, na lazima muifungue wenyewe. Habari njema ni kwamba kiwango cha ushahidi hapa kiko chini. Kwa jinai korti inataka kusiwe na shaka lolote la maana. Kwa fidia, inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ni dere alizembea. Kwa hivyo hata dereva akiachiliwa kwa jinai, bado mnaweza kudai. Na akipatikana na hatia, ile hukumu ni silaha kubwa kwenu.

Nani ana haki ya kudai?

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Inatambua watu hawa: mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. "Mzazi" hapa inaingiza hata babu, nyanya na mzazi wa kambo. "Mtoto" inaingiza wajukuu, watoto wa kambo, wa kuasiliwa na hata waliozaliwa nje ya ndoa.

Lakini angalia hapa: kaka na dada hawamo. Hata kama broo wako ndiye alikuwa anakulipia chuo, kwa sheria hii huwezi kudai kama tegemezi wake. Ni ngumu, lakini ndivyo ilivyo.

Kitu kingine ambacho familia nyingi za huku Tana hazijui: pesa ya utegemezi si urithi. Korti inaangalia nani alikuwa anamtegemea marehemu na kila mmoja amepoteza nini, kisha inagawa. Wajomba hawawezi kuja kusema fungu ni lao kwa sababu ni wazee wa ukoo.

Kuna sheria ya pili inayotembea na hii, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hii sasa ndiyo ya mali ya marehemu: maumivu aliyopitia kabla ya kufa, na miaka ya maisha aliyonyang'anywa. Kwa hii ya pili, kiwango ambacho korti zimezoea kutoa ni kama Sh100,000.

Saa inahesabu

Una miaka 3 kufungua kesi, kuanzia siku ya kifo. Si siku ya ajali. Kama mzee alilazwa miezi minne alafu akaaga, hesabu inaanza siku aliyoaga.

Lakini kama gari iliyogonga ni ya serikali, usilale. Kesi ya uzembe dhidi ya serikali inapewa miezi 12 tu. Kwa barabara ambayo magari ya polisi na ya idara mbalimbali hupita kila siku, hii ni point ya kushika.

Makaratasi kwanza, machozi baadaye

Inauma kusema hivi, lakini kesi nyingi huanguka kwa sababu ya karatasi. Tafuta hizi mapema:

- Abstrakti ya polisi kutoka stesheni iliyorekodi ajali. Hakikisha ina namba za gari zote, jina la dereva, kampuni ya bima na namba ya bima.
- Ripoti ya upasuaji wa maiti na cheti cha kifo.
- Rekodi ya NTSA kuonyesha gari imesajiliwa kwa jina la nani. Kwa sheria, aliyesajiliwa huchukuliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vingine.
- Barua ya chifu inayotaja familia ya marehemu.
- Risiti za mochari, jeneza, sanda na usafiri.
- Majina na simu za abiria waliopona. Hawa ndio mashahidi wako. Mwaka mmoja baadaye kuwapata ni kibarua.

Alafu kuna karatasi moja inayomaliza wengi: idhini ya korti ya kusimamia mali ya marehemu. Kuna aina fupi, ya kufungulia kesi tu, na haichukui muda kama urithi wote. Mahakama ya Rufaa ilishasema kwenye kesi ya Troustik kwamba ukishtaki kama msimamizi kabla hujapata idhini hiyo, kesi yako imekufa tangu siku ya kwanza. Kuipata baadaye hakuifufui. Usifungue kesi mbio mbio bila hiyo.

Unamshtaki nani?

Dereva, kwa uzembe wake, na mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake. Mara nyingi dere hana kitu, kwa hivyo mwenye gari ndiye muhimu.

Bima haishtakiwi moja kwa moja mwanzoni, lakini ndiyo hulipa ukishinda. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inailazimisha kulipa hukumu ya mtu wa tatu, mradi iliarifiwa kuhusu kesi kwa wakati. Wakili wako atume hiyo notisi kabla ya kufungua kesi, ndio wasipate mwanya wa kuponyoka.

Hata hivyo kuna dari. Kwa mdai mmoja, sheria inaibana bima kwa Sh3 milioni. Korti ikitoa zaidi ya hapo, hiyo nyingine unamfuata mwenye gari.

Na kama basi iligonga ng'ombe? Korti inauliza maswali mawili. Je, mchungaji alizembea kuacha mifugo barabarani usiku? Na je, dereva alikuwa anaenda spidi gani kwa barabara ambayo kila mtu anajua ina mifugo? Makosa yanaweza kugawanywa. Vilevile marehemu akiwa na kosa lake, kwa mfano alikuwa kwa boda bila helmeti, fidia inaweza kukatwa kiasi.

Doh inahesabiwa aje?

Hesabu ni hii: mapato ya mwezi, mara 12, mara miaka ambayo korti inaona angeendelea kufanya kazi, mara sehemu aliyokuwa anatumia kwa familia.

Tuseme baba wa miaka 40 alikuwa anapata Sh20,000 kwa mwezi. Korti ikimpa miaka 15, na ikiona thuluthi mbili zilienda nyumbani, inakuwa 20,000 × 12 × 15 × 2/3. Hiyo ni Sh2,400,000. Kwa kijana asiye na mke, sehemu hiyo mara nyingi hushuka hadi thuluthi moja.

"Lakini marehemu alikuwa anauza samaki, hana pay slip." Usijali. Mwaka 2005, kwenye kesi ya Jacob Ayiga Maruja, Mahakama ya Rufaa ilisema cheti na stakabadhi si njia pekee ya kuthibitisha kazi na mapato. Ushahidi wa mdomo unaweza kutosha. Mteja wake, msee wa soko, rekodi za M-Pesa, zote zinasaidia. Mapato yakikosa kuthibitika kabisa, korti hutumia mshahara wa chini wa serikali ama hutoa kiasi kimoja cha jumla.

Fungu la watoto wadogo huwa linalindwa hadi wafike miaka 18.

Kama marehemu ndiye alikuwa dere ama makanga

Hapa njia ni tofauti. Mfanyakazi akifia kazini, sheria ya WIBA ya 2007 inawapa wategemezi mapato ya miezi 96. Hamhitaji kuthibitisha nani alikosa. Madai yanaanzia kwa ofisi ya usalama na afya kazini, si kortini.

Broker, maslaha na kile kidole

Turudi kwa yule msee wa karatasi. Mara nyingi ile ni hati ya kuachilia madai. Ukiweka kidole kwa Sh150,000 leo, unaweza kuwa umeuza madai ya milioni mbili. Uliza jina lake, uliza ametumwa na nani, na umwambie utamrudia ukishasomewa na mtu unayemwamini.

Maslaha ya wazee ni kitu ya heshima huku, na Katiba yenyewe inatambua njia za kienyeji za kutatua mizozo. Lakini kabla mkubaliane, hakikisheni mjane ameketi kwenye kile kikao, na mnajua madai yana thamani gani.

Wakili pia umchunguze. Kumwinda mteja mochari kupitia mabroka ni kosa kisheria, na makubaliano ya "nitalipwa tukishinda tu" hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili. Kama huna pesa, kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Na huhitaji kusafiri hadi Nairobi, kwa sababu Mahakama Kuu iko hapo Garsen, mwendo mfupi kutoka Minjila.

Hakuna pesa inayorudisha mtu. Lakini watoto wake bado wanakula, bado wanasoma. Hiyo fidia ni yao. Tumia hii story kwa group ya familia kabla mtu abishe hodi.