Vichezeo vya msawazo: Kutoka shimo la Wakipsigis hadi kigari cha dukani

KABLA ya vichezeo vya plastiki kufika madukani, mama wa Kipsigis alikuwa na chombo chake cha kumfunza mtoto kukaa: shimo dogo ardhini. Mtoto wa miezi michache aliketishwa humo, blanketi zikakunjwa na kumzunguka mgongoni asianguke, naye akajitahidi kunyoosha uti wa mgongo.

Desturi hiyo ilinakiliwa na mtafiti Mmarekani Charles Super, aliyefanya kazi na mwenzake Sara Harkness mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika jamii ya wakulima Wakipsigis iliyotajwa kwa jina la Kokwet, magharibi mwa Kenya. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1976, Super alionyesha kuwa watoto hao walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko wenzao wa Marekani. Waliodhani ni maumbile walikosea. Katika kutambaa, jambo ambalo akina mama hawakulifunza kwa bidii kama hiyo, watoto hao hawakuwatangulia wengine.

Siri imo katika sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Ubongo huoanisha habari hizo na zile za macho, misuli na viungo, kisha huamuru misuli ya tumbo na mgongo ikaze au ilegee. Uwezo huo haupatikani kwa kubebwa tu. Mtoto hana budi kuyumba, kukosea na kujirekebisha.

Katika Soin, sehemu ya chini ya Kaunti ya Kericho ambako chai huipisha miwa, vifaa vya kazi hiyo havihitaji fedha nyingi. Bembea ya kamba na gurudumu kuukuu humzoesha mtoto mwendo wa kwenda na kurudi. Ubao uliolazwa juu ya gogo, mmoja akipanda mwenzake akishuka, humfunza kupima uzito wake. Kutembea juu ya gogo lililolala, kuruka kamba na kusukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti ni mazoezi ya jinsi hiyo hiyo. Kamba ikaguliwe kila mara, na ardhi iliyo chini ya bembea iwe laini.

Kinachostahili kutiliwa shaka ni kigari chenye magurudumu, ambacho mzazi hukinunua akiamini kitamharakisha mtoto kutembea. Hakimharakishi. Mtoto huning'inia kitini na kusukuma kwa ncha za vidole, ilhali kiwiliwili hakijibebi. Aidha, huweza kubingirika ngazini au kuufikia moto wa jikoni kabla mlezi hajageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Shimo la nyanya, lisilogharimu hata senti, lilikuwa na busara zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto mchanga ambaye bado hajaweza kujisogeza alazwe kifudifudi, akiwa macho, kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Mwenye mwaka 1 hadi 4 anahitaji dakika 180 za harakati. Hakuna anayepaswa kufungwa kitini au mgongoni kwa zaidi ya saa moja mfululizo, nasaha nzito kwa mama anayepalilia shambani tangu alfajiri.

Hata hivyo, kichezeo si tiba. Mtoto asiyeweza kukaa bila kuegemezwa afikapo miezi 9, au asiyetembea afikapo miezi 18, apelekwe kituo cha afya bila kungojea. Huenda ni mchelewaji tu. Huenda pia ana mtindio wa ubongo, na kadiri mazoezi ya kitaalamu yanavyoanza mapema ndivyo yanavyofaa. Kwa wanaokaribia umri wa shule, Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1984, ambako mzazi hushauriwa kuhusu shule na vifaa vinavyomfaa mwanawe.